Mifugo Yangu ya Mferejini

Mimi sikusoma. Nilifika darasa la pili nikatolewa, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu waliofika chuo kikuu ndio wananipigia hodi asubuhi kuniuliza kama maziwa ya ngamia yameshafika. Niko na duka langu hapa mjini Isiolo. Jina langu liko juu ya mlango, na fundi aliyelichora nilimlipa mwenyewe, si mume, si kaka. Kwa hiyo mjukuu wangu Qabale aliponiletea kazi ya shule juzi, nilimwambia ampelekee mama yake.

"Akko," akasema, maana kwetu Waborana akko ni nyanya, "mama amesema nije kwako. Yeye anapika."

"Na mimi hapa nafanya nini? Nacheza?"

"Ni ya wanyama, Akko. Wewe ndiyo unajua wanyama."

Hapo akanipata. Nyinyi wa rika langu mnajua mambo ya mtaala huu mpya: mtoto anasoma kidogo, nyanya anasoma zaidi. Akaniwekea karatasi juu ya kaunta. Ilikuwa na picha mbili. Moja ni ya mbega mwekundu wa Mto Tana, nywele zimesimama kichwani kama mtu aliyeamshwa na simba. Ya pili ni ya kitu chenye ngozi ya utelezi, mkia mrefu, miguu minne mifupi, mdomo kama unacheka, na shingoni kana kwamba kimevaa manyoya. Qabale akasema kinaitwa salamanda. Kinaishi majini katika nchi ya mbali huko, na mguu wake ukikatika unaota mwingine. Hawa wawili wanakaribia kwisha duniani. Mwalimu anataka walinganishwe: wanafanana wapi, wanatofautiana wapi, na kama tungeweza kuokoa mmoja kwanza, tuanze na nani.

Wakati huohuo, duka la jirani, lile la dawa za mifugo, kijana aliangusha chupa. Dawa ya kupe. Harufu ikapita chini ya mlango ikaja mpaka kwangu, ile harufu kali inayokaa nyuma ya ulimi, na mimi nikashika kaunta kwa mikono miwili.

"Akko, uko sawa?"

Nikaweka kidole juu ya yule salamanda. "Huyu nimemchunga."

"Hawako Kenya, Akko. Mwalimu amesema hakuna."

"Mwalimu wako amezaliwa wapi?"

"Meru."

"Basi mwambie ashuke Kinna siku moja."

Qabale akacheka, akadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Nilimchunga mnyama wa sura hiyo, nikampa jina, nikamlilia. Alikuwa nani hasa nilikuja kujua baadaye, na kwa aibu.

Tulihamia Kinna nikiwa mtoto, baada ya ng'ombe wetu kwisha. Wengine ukame uliwamaliza, waliobaki wakachukuliwa na wezi wenye bunduki siku moja alfajiri, na baba yangu akabaki na fimbo, mbuzi wachache, na debe la dawa ya kuogeshea ng'ombe ambao hawako tena. Alilibeba debe hilo mpaka Kinna. Mama alimuuliza la nini, akasema, "Mtu hatupi kamba kwa sababu ndama amekufa." Tukapewa kipande cha shamba juu kabisa ya mfereji, karibu na chemchemi, tukapanda mahindi. Mborana kupanda mahindi wakati ule ilikuwa kama kuvaa nguo ya mkeo barabarani. Abba, ndivyo tulivyomwita baba, alilima akiangalia chini. Alizungushia shamba ua wa miiba kama boma la ng'ombe, na jioni alikuwa anafunga mlango wa miiba ule, kana kwamba mahindi yangetoka yaende kutafuta majani.

Shamba lililofuata chini yetu lilikuwa la Mama Kanana, mwanamke wa Kimeru, mjane, mdomo kama wembe. Alisimama mpakani akamwangalia Abba akifunga ule mlango.

"Baba Huka," akamwita kwa jina la mdogo wangu, "umeyakamua kwanza kabla hujayafungia?"

Abba akampa mgongo. Lakini mimi nilimwona akicheka.

Kazi yangu ilikuwa kulinda mahindi yasiliwe na tumbili. Walikuwa wanashuka kutoka miti ya mikoma ya mtoni, kundi zima, wazee mbele, watoto wamening'inia matumboni mwa mama zao. Mimi nilikuwa na debe bovu la kupiga, mawe, na siku ndefu. Mtoto wa mfugaji ukimpa siku ndefu bila mifugo, atajitafutia mifugo. Mimi niliipata ndani ya chemchemi. Walikuwa weusi, wengine wa kijivu, urefu wa kidole, wenye mkia, na wale wakubwa walikuwa na miguu. Sikuwahi kuona kitu kama hicho. Huko tulikotoka maji yalikuwa chini kabisa ya kisima, unayasikia kabla hujayaona, na hakuna kinachoogelea ndani. Nikasema hawa ni mijusi ya maji, na hawana mwenyewe, basi ni wangu.

Niliwachota kwa bakuli. Kando ya mfereji, ndani ya shamba letu, nikachimba shimo, nikaliwekea mawe kuzunguka na mlango mdogo ili maji ya mfereji yaingie na kutoka. Likawa boma langu. Nikawapa majina ya ng'ombe wetu waliokufa, yule mwenye madoa nikamwita Bure, maana kwetu bure ni madoadoa, yule wa kijivu nikamwita Dalacha. Asubuhi nilikuwa nalala kifudifudi na kuwaangalia mmoja mmoja kama nilivyomwona Abba akiangalia ng'ombe zizini. Kwetu mifugo haihesabiwi, kuhesabu ni kuita balaa. Inaangaliwa, na mwenyewe anajua nani hayuko.

Abba alinikuta siku moja hapo. Nikamwonyesha Bure. Alichuchumaa, akaangalia kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeongea msikitini, "Mashallah. Nyumba hii yote, mwenye ng'ombe ni mmoja tu."

Kulikuwa na sheria lakini. Maji ya Kinna yalikuwa na mzee wake, Mzee Jarso, ambaye tulimwita aba herega, yaani baba wa zamu. Yeye ndiye alisema nani anafungua maji leo na nani anangoja. Alikaa pale juu ya chemchemi na fimbo yake tangu asubuhi mpaka alasiri, na neno lake lilikuwa moja: kilicho cha chemchemi hakitoki kwenye chemchemi, na anayekitoa, maji nayo yanaondoka nyuma yake. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu. Nikasema moyoni kwamba boma langu liko mferejini, na mfereji ni mtoto wa chemchemi, basi sijawatoa. Hivyo ndivyo mwizi anavyojiongelesha.

Halafu wakaanza kupotea. Na hawakupotea wadogo. Walipotea wanono, wale walioota mpaka miguu ya mbele. Bure akaenda. Siku ya pili Dalacha hayuko. Niliangalia kwenye matope nikaona alama za vidole vya tumbili, maana walikuwa wanakuja kunywa hapo, na nikaelewa kila kitu. Tumevamiwa tena. Wameiba wa baba, sasa wanaiba wangu. Na kitu cha kuudhi zaidi, vyura walikuwa wamejaa kando ya boma langu, wadogo wadogo, wamekaa tu juu ya mawe yangu kama wageni wasio na haya, wanakunywa maji ya mifugo yangu. Niliwapiga kwa vijiti mpaka wakakimbilia nyasini. Kumbukeni hao vyura.

Nikaenda kwa Abba nikilia. Sikulia kwa ajili ya mahindi, ingawa mahindi nayo yalikuwa yanaliwa. Nilisema, "Abba, tumbili wameiba ng'ombe wangu. Wamemchukua Bure."

Mngeuona uso wake. Mtu mzima angecheka. Lakini baba yangu alikuwa amelala miezi akiota alfajiri ile ya bunduki, na sasa binti yake anamwambia maneno yaleyale aliyoyasema yeye kwa wazee. Aliingia nyumbani akatoka na lile debe la dawa.

Kosa alilolifanya Abba ni kosa la mtu wa visima. Kisimani, sheria ni kwamba uchafu hauoshwi mdomoni mwa kisima. Unatoka, unaenda kando, unamwaga, ardhi inakunywa, imekwisha. Yeye aliifuata sheria hiyo kama alivyolelewa. Alilowesha magunzi yenye punje ndani ya dawa, akayaweka kando ya ua upande wa mikoma, kisha akalibeba debe mbali na chemchemi, mbali kabisa, akaliosha mferejini, mahali palipo juu ya boma langu. Akaosha na mikono. Aliona amefanya kwa heshima. Hakuwa ameishi na maji yanayotembea. Hakujua kwamba maji ya kisima yanakungoja, lakini ya mfereji yameshafika kwa jirani.

Mchana mama alinipa jerikeni. "Chota ya chai, na ya Huka. Anataka kunywa." Huka alikuwa ameanza tu kutembea, ameshika kikombe chake cha bati, ananifuata nyuma na tumbo mbele. Nikapita kwanza kwenye boma langu kuwaangalia.

Walikuwa wamegeuka. Wote. Matumbo meupe juu, midomo wazi, wanaelea na kugongana polepole kwenye mlango mdogo nilioujenga mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amepiga kelele. Nilikuwa hatua chache tu pale juani asubuhi nzima na sikusikia kitu. Na harufu ile. Nikainama nikanusa, na nikaona mbele yangu ng'ombe wa Abba wakitoka kuogeshwa, wanametameta, wanapiga masikio.

Nikajua nimefanya nini. Nimetoa vya chemchemi kwenye chemchemi. Mzee Jarso alisema. Sasa maji yameua, na yataondoka, na Kinna yote itahama tena, kwa sababu yangu.

Huka alikuwa ameinama na kikombe. Nilikipiga kikombe kikaruka. Akaanza kulia, nikambeba begani kama gunia, nikakimbia naye kwenda juu. Jerikeni niliiacha hapohapo.

Mzee Jarso alikuwa amekaa na wanaume watano sita, wanagawa zamu ya alasiri. Mtoto wa kike haingilii mkutano wa maji. Mimi niliingia.

"Aba Herega, ni mimi nimeua."

Mmoja akasema, "Umemuua nani, Huka? Mbona analia vizuri?" Wakacheka.

"Nimeua wanyama wa chemchemi. Niliwatoa. Niliwafanya ng'ombe. Sasa wamekufa wote, wamelala kwa mgongo."

Mzee Jarso hakucheka. Alinivuta mkono taratibu. "Wamelala kwa mgongo. Na wananuka?"

"Wananuka kama ng'ombe wa Abba siku ya kuogeshwa."

Sijawahi kuona mzee akisimama upesi namna ile. Alivunja mlango wa mfereji kwa mguu wake mwenyewe, maji yakageuka kwenda porini, na akapiga ukelele ule wa kisimani, ule wa mtu ametumbukia. Wanaume wakakimbia kando ya mfereji wakipiga kelele: mwaga, mwaga, usinywe! Wanawake wakapindua majerikeni. Mama Kanana alikuwa ameshajaza karai kwa ajili ya mbuzi wake, na mbuzi mmoja ameinamisha kichwa. Alilipindua karai kwa teke, akatia kidole majini, akanusa. Kisha akageuka akaangalia juu, kwetu.

Hakuna mtu aliyekunywa. Nimesema hivyo katika sala zangu zote tangu siku hiyo, na leo nasema mbele yenu: hakuna mtu, hakuna hata mbuzi. Kama ningewafuga ndani ya bakuli nyumbani, au kama ningekuwa mtoto mtiifu asiyechota vya chemchemi, Huka angekunywa. Huka huyu mnayemjua, mwenye malori.

Watu wakakusanyika chemchemini. Mnajua adhabu ya kuharibu maji kwetu. Mwenye kuyaharibu ananyang'anywa zamu, na shamba la Kinna bila zamu ni vumbi, na sisi hatukuwa na pa kurudi. Mzee Jarso akauliza nani. Mimi nikasema tena, ni mimi. Wengine walianza kutikisa vichwa, mtoto, wacheni mtoto, amecheza na vitu. Mambo yangeishia hapo. Abba alikuwa amesimama nyuma kabisa. Angenyamaza tu, na aibu ingekuwa ya mtoto wa kike, na aibu ya mtoto hukauka kwa wiki moja.

Alikuja mbele akapiga magoti kando yangu, yeye aliyekuwa na ng'ombe mpaka wanaume wa mbali walimwamkia kwa jina.

"Mtoto hana dawa," akasema. "Dawa ni yangu. Nilitaka tumbili. Sikujua maji yanaenda."

"Hukujua maji yanaenda," Mama Kanana akasema. "Unafikiri mimi huku chini nakunywa nini, Baba Huka? Umande?"

Hakuna aliyecheka.

Mzee Jarso alichora chini na fimbo kwa muda mrefu. Halafu akasema hukumu, na mpaka leo sijasikia nyingine kama hiyo. Abba atasafisha mfereji wote kwa mikono yake, mpaka mwisho, matope yote yatoke. Na zamu yake ya maji imefungwa. "Itafunguliwa siku wale wanyama wa mtoto watarudi mferejini wenyewe. Si kwa bakuli. Wenyewe. Wao ndio waliotuambia maji ni mabaya. Wao ndio watatuambia ni mazuri."

Siku ileile Abba alienda kuokota magunzi yake ya dawa ili ayazike. Lilipungua moja. Tulijua limeenda wapi jioni, maana tumbili jike alianza kulia juu ya mkoma. Siku mbili alizunguka na mtoto wake mkononi, kichwa kimelegea, anamshika, anamchana nywele, analia. Shamba zima lilisikia, mama alishindwa kupika, na Abba aliacha chakula akatoka nje. Alisema neno moja tu: "Na mimi ningelia hivyo." Nikaelewa analia naye.

Basi tukaanza kungoja. Alfajiri baada ya sala, Abba na mimi kando ya mfereji, yeye na jembe, mimi na macho. Yeye hakuyaamini macho yake kwa vitu vidogo vile, macho yake yalizoea kumtambua ng'ombe kutoka mlima wa pili.

"Wako?"

"Hawako, Abba."

Akachimba matope. Kesho yake tena. Wako? Hawako. Mahindi yetu yakaanza kukunja majani, yamejikunja kama mtu mwenye baridi katikati ya jua. Kila mtu aliyekuwa na zamu alipitisha maji mbele yetu, na Abba hakuinua hata kiganja.

Ni Mama Kanana aliyekuja na debe kichwani. Aliingia shambani kwetu bila hodi akamwagilia mstari wa kwanza. Abba akamwambia, "Mama Kanana, zamu yangu imefungwa."

"Yako imefungwa. Yangu iko wazi. Maji yakishaingia kwangu ni yangu, nikitaka naoga, nikitaka namwagia mahindi ya mjinga." Akaenda, akarudi na debe jingine. Mwanamke ambaye tulikaribia kumuua. Alifanya hivyo kila zamu yake, na kila safari alikuwa na tusi jipya, na Abba aliyapokea kama dua.

Ni yeye pia aliyenivunja moyo. Nilimwambia natafuta mijusi yangu ya maji. Akatua debe.

"We mtoto wa ng'ombe, hiyo si mijusi. Hao ni viluwiluwi. Ni watoto wa chura."

Nikamwambia ni mwongo, na nikapigwa na mama kwa kumwita mtu mzima mwongo. Lakini Mama Kanana akanishika mkono akanipeleka nyasini, kwenye unyevu, akanionyesha chura mdogo kama ukucha wa kidole gumba, mwenye kipande cha mkia bado kimening'inia nyuma, kama mtu aliyetoka nyumbani amesahau kuvua kandambili za chooni. Nilikaa chini. Bure hakuibwa. Dalacha hakuibwa. Walikuwa wamekua wakatoka, wakaja kukaa juu ya mawe yangu wanitazame, na mimi nikawafukuza kwa vijiti. Na tumbili walikuwa wanakunywa maji tu. Yule jike juu ya mkoma alilipia wizi ambao haukufanyika, uliosemwa na mimi. Hilo sikuwahi kulisema kwa mtu mpaka juzi. Nimejenga nyumba, nimesomesha watoto, lakini hilo nimekuwa nalo.

Siku ile walirudi ilikuwa siku kama nyingine. Abba aliuliza bila kuinua kichwa. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi, na kwenye kona ya mawe ya boma langu la zamani, ndani ya maji, kulikuwa na vumbi jeusi linalotembea.

"Wako?"

Nikamwita kwa mkono. Akatupa jembe akalala chini kando yangu, kifua matopeni, ndevu zimegusa maji. Akaangalia. Sijui kama aliwaona. Aliniuliza tena kwa kunong'ona, kana kwamba wangemsikia wakimbie.

"Wako, Abba. Wengi."

Mzee Jarso alishuka mwenyewe, akachuchumaa, akaangalia, akatia kiganja majini akanywa mbele ya watu wote. Kisha akaenda kufungua mlango wetu. Mahindi tuliyovuna hayakuwa mengi, lakini yalikuwa mahindi, na kutoka hapo akapatikana mtamba mmoja, na kutoka kwa mtamba huyo maziwa ya kwanza niliyouza maishani mwangu yalikamuliwa. Nyinyi mnaosema huyu mama alianza na nini: nilianza na viluwiluwi. Na mpaka leo hakuna jerikeni ya maziwa inayoingia duka hili kabla sijainusa mwenyewe.

"Wako?" ikabaki salamu yetu, mimi na Abba. Nilipoolewa, aliponitembelea, kabla ya salaam aleikum alisema hivyo. Uzeeni macho yake yalipofungwa kabisa tulimleta hapa mjini akakaa chumba cha nyuma. Siku zake za mwisho hakujua mimi ni nani kati ya binti zake, lakini aliuliza.

"Wako?"

"Wako, Abba."

Akalala. Na mimi nilikuwa nimedanganya, kwa sababu nilikuwa sijakanyaga mfereji ule kwa miaka. Nilikuwa na biashara.

Haya yote nilimwambia Qabale hapo kaunta, harufu ikiwa bado puani. Alisahau hata kufunga mdomo. Mwisho akasema, "Lakini Akko, jibu ni gani? Tuokoe nani kwanza?"

Nikamwambia, andika hivi. Mbega na huyu salamanda wanafanana: kila mmoja ana maji yake hayohayo, yakiharibika hana kwingine. Wanatofautiana: tumbili na ndugu zake wakiumia wanalia, na watu wataacha chakula. Huyu wa majini hakuiti. Lazima wewe uende, ulale chini, umwangalie. Kwa hiyo anza na asiyelia, kwa sababu yule mwingine anakunywa maji hayohayo.

Akaandika. Kisha akaniangalia na kalamu mdomoni. "Na wale wa Kinna, bado wako?"

Sikuweza kumdanganya mtu wa pili.

Jumamosi nikamwambia Huka alete gari. Mikoma ni ileile, miti mingine ni mipya, wajukuu wa Mama Kanana ndio wanalima chini. Boma langu halipo, lakini kona ya mfereji ipo. Magoti yangu hayakunji tena, kwa hiyo nilisimama, na Qabale akalala kifudifudi na sketi yake safi, mama yake atakuja kunigombeza. Tumbili walikuwa juu, wanatuangalia.

"Wako?" nikauliza.

Maji yanapita. Mwanamke mzima mimi, nikasimama kama nina deni na mtu.

"Akko! Kuna mmoja ana miguu yote minne, na mkia bado anao! Na wengine huku, ngoja nihesabu."

"Usihesabu," nikamwambia. "Angalia tu."

Huka akapiga honi kule barabarani, ana haraka zake. Nikampungia mkono angoje. Mtu anayeangalia mifugo yake haharakishwi.